Kung'oa masega: 14.7 inabaki palepale

Fundi akigonga bomba la moshi na kusikia kitu kinachezacheza ndani, hukumu huwa imeshatoka: masega, yaani kile kisafisha moshi (catalytic converter), yamekufa, tuyatoe gari lipumue na liache kula petroli. Wenye magari wengi hukubali, na si kwa ujinga. Wanachoambiwa kina ukweli ndani yake, tena mkubwa kuliko watetezi wa hewa safi wanavyopenda kukiri. Masega ni kauri yenye mamia ya vitundu kwa kila inchi ya mraba, na moshi wote wa injini sharti upenye humo. Historia nayo iko upande wao. Masega yalipoanza kufungwa kwa wingi Marekani kwenye magari ya modeli ya 1975, injini za huko zilikuwa goigoi. Corvette ya mwaka huo, gari la mbio lenye injini ya lita 5.7, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 165 katika toleo lake la kawaida. Ni kweli sehemu ya anguko hilo ilitokana na mgandamizo wa silinda kupunguzwa ili injini zimudu petroli isiyo na madini ya risasi, na nyingine na namna mpya ya kupima nguvu iliyoanza 1972. Lakini sifa mbaya ilishayaganda masega, na haijabanduka hadi leo, wakati zipo injini za lita 2 zisizo na turbo zinazoipita namba hiyo zikiwa na masega yake kamili.

Hoja nzito dhidi ya masega ni nyingine, na ajabu ni kwamba wanaoyalaumu huitaja kwa nadra. Hoja hiyo ni 14.7.

Gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote na oksijeni yote iishe. Masega yanashughulika na sumu za aina tatu kwa mpigo. Kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua zinahitaji oksijeni ili zimaliziwe kuungua, ilhali oksidi za nitrojeni zinatakiwa kunyang'anywa oksijeni yake. Kazi hizo mbili zinapingana, na zinakutana mahali pamoja tu, kwenye ukanda mwembamba kandokando ya 14.7. Hewa ikizidi kidogo, oksidi za nitrojeni zinapita bila kuguswa. Ikipungua, zinapita zile nyingine. Ndiyo maana kabla ya masega kuna sensa ya oksijeni, ambayo Volvo iliifunga kwenye magari yake ya modeli ya 1977 yaliyokwenda California. Volti yake huyumba kati ya 0.1 na 0.9, na kompyuta ya gari hupunguza au kuongeza petroli kwa kuifuata, bila kupumzika.

Sasa, 14.7 si namba inayopendwa na injini. Ikitaka nguvu, injini hupendelea hewa kama 12.5 au 13. Ikitaka kubana matumizi kwenye mwendo mtulivu, hupendelea kama 16. Miaka ya 1990 Toyota na Honda ziliuza injini zilizoweza kutembea na hewa zaidi ya 20 kwa 1, na zilikuwa bahili kweli. Zilififia sheria za oksidi za nitrojeni zilipokazwa, kwa sababu masega ya kawaida hayawezi kuzisafisha gesi hizo katika moshi wenye oksijeni ya ziada. Kwa hiyo anayesema masega yanakula petroli hajakosea. 14.7 ni namba ya masega, na gharama yake hulipwa kwenye tangi.

Ila gharama hiyo hairudi kwa kuyang'oa. Sensa ya mbele imekaa kabla ya masega na haijui kama yapo au hayapo. Kompyuta inaendelea kuifukuza 14.7 ileile, petroli ileile, kilometa zilezile. Sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega, ndiyo inayogundua pengo, na kwa sehemu kubwa kazi yake ni kutoa taarifa: inawasha taa ya cheki injini na kuacha msimbo P0420, unaosema masega hayasafishi inavyotakiwa. Kung'oa masega, basi, ni sawa na kuendelea kulipa ada ya shule huku mtoto umemwacha nyumbani. Nguvu nayo haikuwa imefungiwa humo, maana dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta nyingi huiacha 14.7 zenyewe na kumimina petroli zaidi. Kinachotupwa ni uwezo wa kumaliza zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu masega yakiwa ya moto na mazima.

"Mbona langu lilichangamka baada ya kuyatoa?" Lilichangamka kwa sababu yalikuwa yameziba, na hapo ndipo swali lilipaswa kuanzia badala ya kuishia. Masega hayazibi kwa uzee tu. Silinda ikimisi, yaani petroli yake isipowaka, petroli hiyo mbichi inateremka na kuungulia ndani ya masega, joto linapita mbali nyuzi 1,000 na kauri inaweza kuyeyuka. Taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo inaonya juu ya jambo hilohilo. Oili inayopenya kwenye ringi au sili za vali huleta fosforasi, nayo huyafunika madini yanayosafisha moshi, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu, mpaka hayagusani tena na moshi. Koili, inayoipa plagi umeme wa kuwasha petroli, ikiwa mbovu na kubaki mbovu, gari litaendelea kumisi bila masega, kwa sauti kubwa zaidi. Na kujua kama yameziba hakuhitaji nyundo: sensa ya mbele ikifunguliwa, geji ya presha inafungwa kwenye tundu lake na jibu linapatikana.

Ndugu zake masega, yaani vifaa vingine vya kupunguza uchafuzi, husulubiwa kwa makosa yasiyo yao. Vali ya EGR ya petroli inabeba lawama za masizi ya dizeli, wakati moshi kidogo inaorudisha kwenye silinda hupoza muwako na kuirahisishia injini kuvuta hewa, hivyo kuokoa petroli kidogo. Kopo la mkaa hunasa mvuke wa petroli wa tangi na kuupeleka ukaungue. Vali ya PCV, inayotoa gesi zinazojikusanya penye oili chini ya injini, ikizibwa, presha hupanda humo na kuanza kusukuma sili nje.

Kuna mahali ambapo sina jibu zuri la kuwapa walalamikaji. Masega ya kiwandani ni ghali kwa sababu ya madini yake, na mengi ya bei rahisi yana madini haba, hivyo P0420 hurudi mapema. Yakiwa ya baridi hayafanyi kazi ya maana mpaka yafike kama nyuzi 250 au 300, kwa hiyo safari fupifupi huchafua karibu kana kwamba hayapo. Na hewa ukaa hayapunguzi hata chembe. Mwenye gari lililoziba kabisa na mfuko mtupu, siwezi kumlaumu akiyatoa ili gari litembee, mradi ametibu kwanza kilichoyaua.

Lakini anayeyatoa kwa kutafuta petroli iliyopotea anachimba pasipo na kitu. Mara nyingi mlaji ni sensa ya mbele iliyochoka, inayojibu polepole au inayoripoti hewa nyingi ilhali haipo, na kompyuta inayoiamini inaongeza mafuta. Huyo hupatikana kwa kutazama volti zake injini ikiwa ya moto, kabla hata nati moja ya bomba la moshi haijafunguliwa.