Gitaa la bei rahisi msilipake rangi jamani

Wiki tatu zilizopita nilishinda tangu asubuhi mpaka adhuhuri nachakura gunia la vyuma chakavu hapa Maweni, natafuta pikapu nne za gitaa la umeme, vile vidude vya sumaku na waya vinavyonasa sauti ya nyuzi, katikati ya mabomba na rimu za baiskeli. Nimepata tatu.

Gitaa ni la ami yangu. Miaka ya 80 alikuwa akipiga ridhimu kwa bendi ya hoteli hapa Malindi, na Mtaliano mmoja alipokuwa anarudi kwao akamuachia gitaa lake la Eko, jekundu la kumetameta, pikapu nne, na juu yake mstari wa vibonyezo. Mara ya kwanza ami kulipeleka harusini Shela wazee wa taarab wakamuuliza, mbona hili limevaa nguo za akodiani? Watu wakacheka lakini wazee walikuwa sawa kabisa! Kampuni ya Eko aliianzisha Oliviero Pigini mwaka 1959, na yeye alikuwa mtu wa biashara ya akodiani, pande zile za Castelfidardo na Recanati kule Italia ambako akodiani ndio riziki ya watu, sasa vijana walipoanza kuziacha na kutaka magitaa ya umeme, ile ile plastiki ya kung'aa ya akodiani ikagandishwa kwenye mbao za gitaa, na vibonyezo navyo vikafuata. Wazee wetu walioona akodiani maisha yao yote waliitambua kwa jicho tu.

Sasa Waswahili tunasema rahisi huvunja upishi, na mimi kwa mambo mengi nakubali, lakini kwa haya magitaa ya zamani ya bei rahisi nakataa. Watu wanadhani yamepanda bei kwa sababu yamezeeka. Hapana. Yamepanda kwa sababu ya ule urahisi wenyewe, yaani kile kitu cha bei poa alichotumia fundi kwa kubana pesa ndicho kilicholipa gitaa sauti ambayo hakuna mwengine anayo.

Chukua Danelectro. Nathan Daniel, Marekani, jimbo la New Jersey, alitengeneza gitaa kwa fremu ya mbao za kawaida akafunika mbele na nyuma kwa hadibodi, ile ile tunayopigia silingi, na sumaku na waya za pikapu akazitia ndani ya vibomba vya rangi ya mdomo, vile vya kina mama. Mengi yaliuzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone, na miaka ya mwanzo ya 60 ungepata moja kwa dola 67.95 na amplifaya imejengewa ndani ya boksi lake, mtoto akifungua boksi tu yuko tayari kupiga. Hadibodi na vibomba! Na bado Jimmy Page, yule mpiga gitaa wa bendi ya Led Zeppelin, amesimama na Danelectro kwenye majukwaa makubwa ya dunia, mtu ambaye angeweza kununua gitaa lolote alilotaka. Au lile gitaa la Airline la Jack White, mwanamuziki wa roki wa Marekani, jekundu, lilitengenezwa na kampuni ya Valco ya Chicago wakawauzia maduka ya Montgomery Ward wauze kwa katalogi, mwili wake ni faibaglasi vipande viwili vimeunganishwa, ndani tupu kama boti. Leo hayo bei yake utaguna.

La kuniuma zaidi ni Teisco za Japani. Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, alichukua pikapu ya Teisco, ile yenye uso wa karatasi ya rangi ya dhahabu, akaifunga kwenye gitaa lake la Fender, watu wakasikia utamu wake, na tangu hapo kuna wanaonunua Teisco nzima ili wang'oe pikapu wauze peke yake. Mwili unatupwa. Mimi hiyo naiona ni dhulma, gitaa limevuka miaka 60 likiwa zima halafu linachinjwa kama gari la spea.

Na haya haya yametufika nyumbani. Kijana wa ami aliona gitaa linakwaruza sauti, akasema lifanywe upya kabla ya harusi ya dadake, akalipeleka kwa fundi mmoja sitamtaja. Fundi akang'oa pikapu zote nne akatia mbili mpya, zile za zamani akazitupia chuma chakavu, kisha akageukia ile plastiki, anataka kuibandua apulize rangi nyeusi, akaanzia mgongoni kwa thina. Ile ni selulodi ndugu zangu, thina ikiigusa inalainika inakuwa kama ubani uliotafunwa. Ami alipofika mgongo wote ushakwenda, mbele ndio aliwahi kupaokoa. Hakusema neno, alilifunga na leso akaondoka nalo, na ami si mtu wa kunyamaza.

Na shida yenyewe ilikuwa nini? Chumvi tu. Sisi tunaishi na upepo wa bahari, nyuzi zashika kutu upesi, na zile nobu za sauti ndani huingia uchafu zikaanza kukwaruza, dawa yake ni ya kupuliza ya kusafisha swichi, mafundi redio wanayo, unapuliza unazungusha nobu mara nyingi unamaliza. Ukimaliza kupiga pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, gitaa lilaze ndani ya boksi, usilitundike ukuta unaotazama baharini. Na plastiki ikipasuka kidogo iache na mpasuko wake.

Kwa hivyo kama babako au mjomba wako alikuwa bendi za mahoteli, Malindi, Watamu, hata Lamu, angalia uvunguni kwanza. Akija mtu akakupa elfu nne haraka haraka muulize kwa nini ana haraka.

La ami limerudi kwenye pikapu zake tatu, fundi redio mwengine ametuungia vizuri, shimo la nne tumeliacha wazi. Jumamosi usiku amelipiga barazani mpaka majirani wakatoka. Ile ya nne bado naitafuta, kama uko Maweni au Kisumu Ndogo na umeiona kwenye vyuma vyako usiiuze kwa kilo, nishtue nije.