Nimelipa Kuiona Mombo

Mangi amenifungia daftari. Nimeenda kukopa unga kilo mbili na mafuta ya kupima, yeye akatoa simu akanionyesha picha yangu mwenyewe: nimekaa juu ya jiwe, mawingu nyuma, chini ya miguu hakuna kitu. "Mjumbe, mtu anakula bata milimani halafu anakopa unga?" Duka zima likacheka. Mimi ni mjumbe wa shina hapa Kimara, nasuluhisha ndoa za watu, leo nachekwa mbele ya kreti za soda.

Picha aliirusha shemeji. Kaka wa mke wangu huyu amenunua Noah, na tangu ainunue hakuna Jumamosi inayopita salama. Akasema twende Lushoto, milimani Tanga, tukapunge upepo Irente, kule mwambani. Upepo! Huku kwetu upepo umeezua bati la choo changu na sikutoa hata shilingi. "Mtachangia mafuta tu," akasema. Aliyewahi kuchangishwa mafuta mjini hapa anaijua hiyo "tu".

Njia ya mpaka Segera siisemi. Spidi hamsini, tochi ya trafiki, mzani, tochi, mnaijua wenyewe. Mombo tukakunja kulia, zikaanza kona. Kilomita 33 mpaka Lushoto mjini, ukuta wa mlima upande huu, korongo upande ule, na Kosta inashuka kwa honi bila breki. Mama mkwe alimaliza dua zote anazozijua akaanza upya. Mtoto wa shemeji akatapika hata Soni hatujafika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mimi kama kiongozi naunga mkono, mazingira kwanza. Ila kwenye kona ile, kilichokuwa karibu na mdomo wa mtoto kilikuwa baraghashia yangu. Soni kuna maporomoko mazuri sana. Niliyaona nikiisuuza.

Lushoto baridi. Wajerumani waliipenda wakaiita Wilhelmstal, jina la Kaisari wao. Sawa, wao walikuwa na wapagazi, hawakuchangia mafuta.

Basi tukafika huko Irente, kwenye mwamba wenyewe. Tukalipa. Kabla sijavuta pumzi akatokea kijana mwenye fimbo, adabu tele, shikamoo mpaka kwa mtoto mdogo.

"Mzee, sogea hapa. Huko chini ni kama mita 1,000. Ile mistari ya kijani ni mashamba ya mkonge. Yale mabati yanayong'aa ni Mazinde. Na kule, fuata fimbo yangu, ni Mombo."

"Mombo hii hii?"

"Hiyo hiyo, mzee."

"Ambako sisi tumetoka sasa hivi?"

"Ndiyo. Ila sasa unaiona kwa juu."

Nikanyamaza kidogo, maana mtu mzima hatakiwi kugomba ugenini. Mombo nimeipita kwa chini, nimekula mishikaki yake, nimetumia choo chake. Nimepanda kona zote zile, nimepoteza kofia, nimelipa getini, ili nioneshwe Mombo kwa fimbo.

"Na ule uzi mweusi, mzee, ni barabara kuu iendayo Arusha. Ukitulia utaona na magari."

"Mwanangu, mimi naishi Kimara. Magari nayatazama kuanzia saa kumi na moja alfajiri."

"Lakini haya yanatembea, mzee."

Hapo alinipata, sikatai. Yalikuwa yanatembea kweli.

Nikasema basi, ngoja nami nisogee nitazame magari yanayotembea. Haiwezekani: ukingoni kuna mabinti wawili kutoka huku huku Dar na begi la nguo, kila picha gauni jingine, na sisi foleni nyuma yao. Foleni! Nimeiacha Ubungo imenifuata mwambani. Zamu yetu ilipofika, ukungu ukapanda kutoka huko chini ukafunika mkonge, Mazinde, barabara, Mombo yangu, kila kitu. Kukawa kweupe.

"Vumilia, mzee, utafunguka."

"Lini?"

"Muda wowote."

Hilo jibu nalijua. Ndilo ninalopewa kila maji yakikatika.

Shemeji hakujali. "Kaa ukingoni, ning'iniza miguu, achia mikono kama ndege!" Nikamwambia nina mkopo wa saccos, nikidondoka wadhamini watanifuata huko huko chini. Akasema tabasamu. Nilikenua kwa sababu meno yalikuwa yanagongana kwa baridi, ndiyo hiyo picha mnayosema nakula bata. Bata gani? Huo ni ugali wa kesho nimeumwaga kwenye tenki la mtu, na hakuna, narudia, hakuna aliyeniuliza kama Lushoto naitaka!

Sasa amezua safari ya Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa. Anasema kona za kule zinaishinda Lushoto, na pembeni ya barabara kuna nyani wanasubiri ndizi kwa wasafiri. Nyani sina ugomvi nao, angalau hawashiki fimbo. Tatizo ni ndizi: huyu mtu ameshaziweka kwenye bajeti, mstari wake peke yake, chini ya mafuta, juu ya chakula chetu sisi binadamu. Grupu la WhatsApp ameshafungua, mama mkwe ametuma mchango wa kwanza na vikaragosi vya makofi. Mhazini wamemteua mke wangu.