Aliyeingia Bila Hodi

Juzi mwanangu alirudi na kazi ya nyumbani ya historia. Swali la kwanza: nani aligundua Kanada mwaka 1534? Jibu linalotakiwa ni Jacques Cartier. Juu yake kuna picha: Mfaransa kasimama kando ya msalaba, na nyuma yake watu wa pale wamechorwa wadogo, hawana majina. Nimeishi huku miaka mingi na nimeyaona mengi, lakini karatasi ile ilininyima usingizi.

Maana mmoja wa watu wale ana jina. Anaitwa Donnacona, na siku ile alilalamika.

Tarehe 24 Julai, huko Gaspé, Cartier alisimamisha msalaba wa futi 30 wenye maandishi ya kumtakia mfalme wa Ufaransa maisha marefu. Donnacona, mkuu wa Stadacona, kijiji kilichokuwa pale palipo na mji wa Quebec leo, alikuwa pwani ile na watu wake kwa uvuvi. Akaja na mtumbwi, kajitanda ngozi ya dubu, akiwa na wanawe na ndugu yake. Akauonyesha ule msalaba, akapandanisha vidole viwili kuufananisha, kisha akaizungushia mkono nchi yote. Hapa ni kwangu, mbona hukuniuliza? Lugha hawakuwa nayo, lakini alieleweka vizuri sana, kwani habari hii tumeipata katika masimulizi ya safari ya Cartier mwenyewe. Mabaharia wakamwonyesha shoka kama wanataka kubadilishana na ngozi yake. Mtumbwi uliposogea, wakaukamata. Akaambiwa kwa ishara kwamba msalaba ule ni alama tu ya kuongozea meli. Vijana wawili, Domagaya na Taignoagny, wakachukuliwa Ufaransa.

Kwetu hata jirani wa ukuta mmoja hubisha hodi, na asipojibiwa hurudi kwake. Aliyeingia bila hodi tunalo jina la kumwita, na si mgunduzi.

Nakubali, alikuwa baharia hodari, na wale vijana aliwarudisha mwaka uliofuata. Lakini majira ya baridi yale, 1535 kuingia 1536, kiseyeye kiliwashika watu wake, takriban 110. Wakafa 25, na wengi wa waliobaki hawakuweza kusimama. Cartier akamwona Domagaya, aliyekuwa mgonjwa siku chache nyuma, anatembea mzima. Akamuuliza dawa, akificha hali ya wenzake, akisema ni mtumishi wake tu anaumwa. Domagaya akampa wanawake wawili wamwonyeshe mti unaoitwa annedda na namna ya kuchemsha gome na majani yake. Wafaransa wakaumaliza mti mzima katika muda wa wiki moja, wakapona.

Mei 1536 wakasimamisha msalaba mwingine, na siku hiyohiyo wakamkamata Donnacona. Watu kumi walipelekwa Ufaransa, wakiwemo watoto kadhaa na Domagaya aliyewaokoa. Cartier aliporudi mwaka 1541 aliwaambia watu wa Stadacona kwamba Donnacona amefariki, lakini wengine wanaishi kama mabwana wakubwa na hawataki kurudi. Ukweli ni kwamba wote walikuwa wamekufa isipokuwa msichana mmoja. Hili siwezi kulisoma nikatulia.

Misalaba ile ndiyo iliyogeuzwa hati ya kiwanja. Mwaka 1670 mfalme wa Uingereza naye akaigawia kampuni ya biashara ya ngozi nchi yote ambayo mito yake huingia Ghuba ya Hudson, nchi asiyoiona kwa macho. Waingereza na Wafaransa wakapigana, Quebec ikaanguka mikononi mwa Waingereza 1759, na 1763 huko Paris Ufaransa ikaachia Kanada ili ibaki na visiwa vya sukari kama Guadeloupe. Mezani hakuwepo hata mmoja wa wenye nchi.

Mimi mtoto wa Malindi nimekua nikiiona nguzo ya Vasco da Gama yenye msalaba wake juu, tukipelekwa na shule kuitazama, na hakuna aliyetuuliza waliokuwa wakiishi pale mwaka 1498 walisema nini. Labda ndiyo maana picha ile imeniuma hivi.

Tuliifanya kazi pamoja. Mwanangu alikata neno “aligundua” akaandika “alifika”, na pembeni akaandika jina la Donnacona. Kisha akaniuliza, “Mama, na yule msichana aliyebaki, aliitwa nani?” Nimelitafuta jina lake tangu siku ile. Sijaliona.