Hawakutoweka, Walihama

Mwaka juzi nilijitolea kuandika makala fupi za kamusi elezo ya Kiswahili kuhusu magofu ya kusini-magharibi mwa Marekani. Nilianza na Mesa Verde, katika jimbo la Colorado, kule ambako nyumba za mawe zimejibana chini ya majabali kama viota vya mbayuwayu. Makala niliimaliza hivi: "Mwishoni mwa karne ya 13 wakazi wake walitoweka, na hadi leo haijulikani walikwenda wapi." Siku chache baadaye nikaandika kuhusu Taos, kijiji cha New Mexico chenye nyumba za udongo zilizopandana ghorofa kwa ghorofa, ambacho kimekaliwa kwa karibu miaka elfu moja. Humo nikaeleza kuwa wenyeji wake ni wazao wa wajenzi wa kale wa eneo hilo. Makala mbili, mkono mmoja, na ya pili inaikanusha ya kwanza. Niliyaona hayo siku nilipozisoma kwa kufuatanisha, na nikaona aibu.

Tangu hapo nimesoma maandishi mengi ya aina hii, ya Kiswahili na ya lugha nyingine, na naamini kosa kubwa kuliko yote limejificha kwenye kitenzi. Tarehe ikikosewa, mtu huirekebisha kwa dakika moja. Ukiandika "walitoweka" umewafuta watu walio hai.

Wenyewe wapo. Kuna jumuiya 19 za Wapueblo, wenyeji asilia wa eneo hilo, huko New Mexico, kuna Wahopi wa Arizona, na kuna Ysleta del Sur kule Texas. Mababu zao waliondoka Mesa Verde na maeneo jirani katika karne ya 13, na pete za mashina ya miti zinaonyesha ukame mkali kati ya mwaka 1276 na 1299. Ukame peke yake hautoshi kueleza kila kitu, maana kulikuwa pia na mapigano, watu walikuwa wameongezeka, na ardhi ya mahindi ilikuwa imechoka. Walihamia bonde la Rio Grande, wengine wakaenda upande wa vijiji vya Hopi, Zuni na Acoma. Kiswahili kina kuhama, kina kugura, kina kuhajiri. Kutoweka tumwachie aliyezama baharini asionekane tena.

Mwaka 2020 Finland ilirudisha mifupa ya watu wapatao 20, pamoja na vitu walivyozikwa navyo, iliyokuwa imechukuliwa Mesa Verde mwaka 1891 na msomi Gustaf Nordenskiöld. Wahopi na watu wa Zuni, Acoma na Zia ndio waliosimamia marejesho hayo, na wafu wakazikwa upya kwao. Watu waliotoweka hawawezi kuidai mifupa ya babu zao.

Jambo la pili ni majina. Vitabu vya zamani huwaita wajenzi hawa Anasazi. Hilo ni neno la Wanavajo, majirani waliofika baadaye, na maana yake inakaribia "maadui wa kale" au "mababu wa maadui". Wapueblo wengi hawalipendi, na wana haki. Wahopi wana neno lao, Hisatsinom, watu wa zamani. Mimi sasa naandika "Wapueblo wa kale", na Anasazi nalitaja mara moja tu ili anayelitafuta alikute. Pia nimeacha kuandika "kabila la Wapueblo". Pueblo ni neno la Kihispania lenye maana ya kijiji au mji, na walioitwa hivyo wanazungumza lugha za koo mbalimbali: Kihopi, Kizuni, Kikeres, Kitewa na nyinginezo. Kusema kabila moja ni sawa na kumwambia Mmasai na Mswahili kuwa lugha yao ni moja kwa kuwa wote wako Tanzania.

Kuna na majina ya magofu yenyewe. Aztec Ruins, New Mexico, hayana uhusiano na Waazteki, watu wa Mexico ya kale. Walowezi wa karne ya 19 ndio walioyabandika jina hilo, kwa kuwa hawakuamini kuwa wenyeji wangeweza kujenga vile. Yalikwisha kuachwa kabla Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, haujaanzishwa mwaka 1325. Montezuma Castle ya Arizona si ngome, wala Montezuma, mfalme wa Waazteki, hakuwahi kuishi humo. Sisi wa pwani tunaufahamu ugonjwa huu. Kuta za Kilwa na Gedi ziliandikwa miaka mingi kuwa kazi ya wageni kutoka ng'ambo, na Zimbabwe Kuu vivyo hivyo. Jina rasmi hatuwezi kulibadilisha sisi, ila sentensi ya kwanza kabisa ya makala inaweza kusema ukweli, badala ya kuuacha mpaka aya ya sita ambayo wachache huifikia.

Tarehe nazo zina adabu yake. Magofu haya yana bahati ya kusomwa umri kwenye boriti. Msonobari wa nyanda zile huongeza pete moja kila mwaka: mwaka wa mvua pete hunenepa, mwaka wa kiangazi hukonda ikawa kama uzi. Mwanaastronomia A. E. Douglass aliziunganisha pete za miti hai na za boriti za magofu, lakini katikati palikuwa na pengo. Mwaka 1929 huko Show Low, Arizona, kipande cha gogo lililoungua, kilichopewa namba HH-39, kikaliziba. Tangu siku hiyo boriti ikiwa bado na pete yake ya mwisho, ile iliyogusana na ganda, mtaalamu anaweza kukutajia mwaka mti ulipokatwa.

Mwaka mti ulipokatwa. Hapo ndipo waandishi wengi wanapoteleza, kwa sababu wanaugeuza kuwa mwaka wa kujengwa nyumba. Boriti ikichongwa pembeni, pete za nje zimekwenda, na linalobaki la kusema ni "baada ya mwaka fulani". Tena boriti nzuri haitupwi. Inatolewa kwenye nyumba iliyobomoka ikabeba dari ya nyingine, na mtu yeyote wa Lamu hahitaji kuelezwa hilo. Huko Chaco, korongo la New Mexico lenye magofu makubwa, boriti ilikuwa mali kweli. Miti inayokadiriwa kufika 200,000 na zaidi ililetwa kwenye korongo lile, mingi ikitoka milima ya Zuni na Chuska, safari ya zaidi ya kilomita 75, bila gurudumu wala punda. Na Pueblo Bonito, jengo kubwa la Chaco, lilijengwa na kuongezwa kwa takriban miaka 300, kuanzia katikati ya karne ya 9. Ukiandika "lilijengwa mwaka" na kuweka namba moja, umeshakosea.

Hesabu za vyumba na watu zinarithiwa kama mali ya ukoo. Cliff Palace ya Mesa Verde bado inaandikwa kuwa na vyumba zaidi ya 200, ilhali uchunguzi wa karibuni umevishusha hadi 150 hivi, na kiva 23 (vyumba vya ibada), na watu wapatao 100. Pueblo Bonito wapo waliolijaza watu zaidi ya elfu. Wengine, baada ya kuhesabu mafiga, wanaona hawakuzidi mia. Msomaji apewe makadirio yote mawili na sababu ya tofauti. Ile sifa kwamba lilikuwa jengo kubwa kuliko yote Amerika Kaskazini hadi karne ya 19 naifuta kila ninapoikuta. Mexico iko Amerika Kaskazini, na piramidi ya Cholula, kubwa kuliko jengo hilo, iko Mexico.

Picha pia husema uongo zikikosa maelezo. Kiva kubwa ya Aztec Ruins, yenye paa lake na nguzo zake, huwekwa kama kwamba ndivyo ilivyokutwa. Earl Morris aliijenga upya mwaka 1934. Ni kazi ya kupendeza, lakini mwaka huo uandikwe chini ya picha.

Kuhusu kiva, nawaomba wenzangu tusitafsiri "hekalu". Ni chumba, mara nyingi cha duara na kilichozamishwa ardhini, ambacho mtu huingia kwa ngazi kupitia darini. Ndani kuna meko na, katika nyingi, kitundu kidogo sakafuni kinachokumbusha mahali ambapo watu walitokea kuja duniani. Ibada za humo si za mgeni. Jumuiya za Wapueblo huzuia wageni kuingia na kupiga picha, na baadhi ya mambo hayasemwi nje, kwa hiyo makala yetu yaishie pale wenyewe walipoweka mpaka. Mimi nilikuwa nimeandika "kiva zilitumika kwa ibada". Nimerekebisha: zinatumika.