Jengo Zima, Kikapu Kimoja

Saa saba kasoro dakika kumi mchana, simu yangu ikaita. Mama lishe wa nyuma ya ofisi yetu, Posta.

"Mwanangu, kuna mtu huko kwenu kaagiza ugali dagaa sahani 11, pilau 7 na soda moja. Ana msiba?"

Nikacheka.

"Na hiyo soda wataigawanaje?"

Hapo nikaacha kucheka. Programu ya kuagiza chakula nilimtengenezea mimi, kwa makubaliano ya kula bure mwezi mzima, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Wiki moja kabla nilikuwa nimejifunza singletoni, nikawa kama mtoto aliyenunuliwa filimbi. Ni mtindo wa kuandika klasi, yaani ramani ya kuundia vitu ndani ya programu, inayozaa objekti (kitu chenyewe) moja tu, basi. Konstrakta, ile sehemu inayounda objekti, unaifungia ndani kwa neno private, asiwepo wa kuiita kutoka nje. Mlangoni unaweka methodi moja, kipande cha programu kinachokaa kama bawabu. Anayetaka objekti apite pale: kama haipo inaundwa, kama ipo anapewa ileile. Kwa kitu kama mipangilio ya programu, ambayo ni ya wote, inafaa kabisa. Erich Gamma, mmoja wa wale wanne walioutia mtindo huu kitabuni mwaka 1994, alisema mwaka 2009 kwamba angeuondoa. Na mimi ndiyo kwanza nauingiza jikoni, tena kwenye klasi ya Kikapu.

Nyumbani nilijaribu peke yangu: nikaagiza, nikafuta, nikalipa, nikajisifu. Mteja mmoja, kikapu kimoja, kosa litoke wapi? Lakini kwenye seva programu ni ileile moja inayohudumia kila mtu. Jengo la ghorofa nane lilikuwa linatia chakula kwenye kikapu kimoja.

Mhasibu wetu, mama mtu mzima asiyetaka utani, akagonga meza. "Hii programu yako ina jini. Nikiweka maharage, yanapotea."

Kutoka mapokezi kijana akajibu, "Afadhali wewe! Mimi nafuta maharage ya watu, yanarudi!"

Walipambana hivyo dakika tano nzima, wamepeana migongo, kila mmoja akibonyeza kwa hasira zaidi. Hakuna aliyejua anapigana na nani.

Nikajifanya daktari. Nilikuwa nimesoma kwamba maombi mawili yakifika mlangoni kwa pamoja na yote yakakuta null, yaani objekti bado haipo, zinaweza kuundwa objekti mbili. Nikasema ndiyo hiyo! Nikabandika synchronized, neno la kupitisha maombi mlangoni moja moja, nikawasha seva upya, nikashusha pumzi. Yaani watu wanalia kikapu ni kimoja, mimi nahakikisha hakitazaliwa cha pili. Jengo likaendelea kuchafua kikapu kilekile, ila sasa kwa foleni, kwa adabu.

Kijana wa kupeleka chakula akaingia na mifuko minne, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya binti aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Akapanga sahani 18, juu yake akaweka soda. "Elfu sitini na tisa, dada."

Binti akanitazama machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameagiza soda.

Mama lishe alimfuata kijana wake nyuma, na daftari lake lenye alama za mafuta, akaanza kuita. Mhasibu, ukurasa wake. Mapokezi, ukurasa wake. Nikasimama nalitazama lile daftari kama mtu aliyeonyeshwa mtihani baada ya kufeli. Nikarudi mezani kimyakimya, nikaifungua konstrakta, kila mteja akiingia akaundiwa kikapu chake. Mistari minne tu.

Sahani 12 zilipata wenyewe. Sita zilizobaki, zote ugali dagaa, nilizilipia mimi na kuzila mimi, mpaka magharibi. Kula bure kumeahirishwa mpaka mama apoe.

Ofisini sasa naitwa Kikapu. Mhasibu ndiye aliyeanzisha, na hacheki akiniita.