Dayati ya boksi inapunguza kilo kweli, ila siku boksi lisipokuja nani atashika mwiko?

Wengi wanaoziponda hizi dayati za boksi kuna kitu hawataki kukikubali: zinafanya kazi. Naongelea ile mipango ambayo kampuni inakuletea mlangoni chakula kimeshapikwa na kimeshapimwa, kila mlo kwenye kibakuli chake, kazi yako ni kupasha kwenye maikrowevu na kula, na hela inakatwa yenyewe kwenye kadi kila wiki au kila mwezi. Ukifuata bila kuchomekea vingine pembeni unapungua, na wala hamna maajabu hapo, manake mipango mingi inakulisha kama kalori 1,200 mpaka 1,500 kwa siku na watu wazima wengi wanatumia zaidi ya hapo hata wakishinda wamekaa.

Sasa mtu atasema, si nile kidogo tu nyumbani, hela ya boksi ya nini? Swali zuri, ila lina jibu ambalo halifurahishi. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti mdogo tu, wa watu waliokuwa wanalalamika kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 na kilo hazishuki. Walipopimwa kitaalamu ikaonekana wanakula karibu mara mbili ya walichokuwa wanaandika. Na mi siwaiti waongo. Jicho halijui kupima, hasa la mtu mwenye njaa aliyeshika mwiko, mafuta ya kukaangia hayaonekani kwenye sahani, ile kuonja onja jikoni hakuna anayeihesabu, na kumalizia alichobakisha mtoto ndo kabisa, hicho kinahesabika ni cha mtoto. Kwa hiyo boksi halikupi chakula chenye dawa ndani yake, linakunyang'anya mwiko tu. Anapakua mtu mwingine, asiyekujua, asiye na huruma na wewe, na amepakua wakati hauna njaa. Hiyo ndo siri yote, na ni siri kubwa kuliko watu wanavyodhani, manake kinachochosha kwenye dayati mara nyingi ni yale maamuzi, nile nini, kiasi gani, niongeze au niache, mara ishirini kwa siku, na ikifika saa mbili usiku umetoka kazini umechoka hapo ndo maamuzi yanakuwa ya hovyo. Boksi lipo kwenye friza, limeshaamua.

Namba zipo pia. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Marekani wa wanawake 442 waliofuatiliwa miaka miwili. Waliokula vyakula vya Jenny Craig, kampuni moja ya hizi dayati za boksi, huku wakionana na mshauri ana kwa ana walipungua wastani wa kilo 7.4, walioshauriwa kwa simu kilo 6.2, na waliopewa ushauri wa kawaida kilo 2. Kwa miaka miwili hayo si matokeo ya kubeza. Ila angalia na hili: chakula walipewa bure, na kampuni yenyewe ndo ilitoa hela ya utafiti. Hilo la pili halinisumbui sana, utafiti unaweza kulipiwa na kampuni na bado ukawa wa haki. Hilo la kwanza ndo linanikera, manake kwenye maisha ya kweli wengi wanaangukia hapo hapo kwenye hela, mwezi wa tatu au wa nne hivi, na mtu aliyeacha kwa sababu hela imekata hayumo kwenye wastani wa watu waliokuwa wanakula bure. Alafu kuna uchambuzi wa mwaka 2015 kwenye Annals of Internal Medicine uliokusanya tafiti kadhaa, baada ya miezi 12 waliokuwa Jenny Craig walikuwa wamewazidi wenzao waliopewa elimu tu au ushauri kwa karibu asilimia 5 ya uzito. Kwa mtu wa kilo 100 hizo ni kilo tano. Nzuri kwa presha na sukari, kabisa, ila si ile picha ya suruali kubwa iliyovutwa kiunoni kwenye tangazo.

Na ile furaha ya wiki ya kwanza, kilo tatu zimeondoka, tuwe wakweli, sehemu kubwa ni maji. Mwili ukipunguziwa chakula unatumia akiba ya glaikojeni, ile sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya glaikojeni inakaa na kama gramu tatu za maji, ikiondoka inaondoka nayo. Wanaouza wanalijua hilo vizuri sana ndo maana ofa zao zinapenda kuongelea wiki ya kwanza.

Bei nayo ina ujanja wake, mara nyingi mboga, matunda na maziwa unaambiwa ununue mwenyewe, juu ya ile uliyolipia. Chumvi je? WHO wanasema mtu mzima asivuke miligramu 2,000 za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, kwa siku, na mlo mmoja wa kugandishwa kuwa na 600 au 700 ni kitu cha kawaida, zidisha mara tatu uone, kama una presha soma lebo kabla ya kula. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze hata siku moja kabla ya kuongea na daktari wake, chakula kikipungua ghafla na dozi ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka vibaya.

Ila yote hayo kwangu ni madogo. Shida yangu kubwa ni kwamba mwiko uliokabidhi hujajifunza kuushika. Miezi sita umekula vizuri bila kujua kwa nini ni vizuri, na mwili wenyewe sasa ni mdogo unahitaji kalori chache kuliko zamani, alafu unarudi kwenye sufuria ile ile na mkono ule ule. Na boksi linaweza kukuacha hata kama we hujaliacha: Mei 2023 Jenny Craig, kampuni iliyokuwepo tangu 1983, ilifunga biashara, na ingawa jina lilinunuliwa na wenye Nutrisystem, kampuni nyingine ya dayati za boksi, likarudi baadaye mwaka huo huo, mteja aliyekuwa anategemea kibakuli cha kesho alibaki ameangalia friza.

Kwa hiyo mi sisemi usinunue. Anayeishi peke yake, anayefanya kazi za zamu, asiyejua kabisa kiasi cha kula, anunue, ila anunue kama anayelipia darasa. Chakula usikile kwenye kibakuli chao, kihamishie kwenye sahani yako ya kila siku uone kilivyo kidogo, utashtuka, na ule mshtuko ndo umelipia. Baada ya wiki chache mlo mmoja jipakulie mwenyewe ukijaribu kulingana nao, kipimie kwenye mzani, ukosee, urudie, kisha miwili. Na kabla hujatoa kadi waulize swali moja tu, naweza kushuka kutoka milo mitatu kwa siku mpaka mmoja bila kujitoa? Wakianza kukueleza punguzo la wanaolipia miezi sita kwa mkupuo, jibu umeshapata.