Lami haijapoa, sururu hizo hapo

Wiki hii nzima nashinda dirishani naangalia katapila likitafuna barabara iliyowekwa lami juzi tu, eti bomba la maji taka linavuja chini. Sawa, linavuja. Ila mbona kila ugonjwa wa bomba dawa yake ni kupasua barabara?

Na wala hii ya kukarabati bila kufukua si teknolojia ya jana. Mwaka 1971 huko London, mhandisi mmoja, Eric Wood, alishafanya. Ni soksi tu jamani, soksi ndefu ya kitambaa kizito iliyoloweshwa resini (gundi ya majimaji inayogeuka ngumu), inaingizwa kupitia chemba, maji au hewa inaisukuma huku inajigeuza ndani nje kama mkono wa shati, upande wenye resini unagandamana na ukuta wa bomba la zamani, wanapitisha maji moto au mvuke, ikikauka tayari una bomba jipya ndani ya bomba bovu. Kisha inapita roboti yenye kisu kutoboa pale mabomba ya majumbani yanapoingilia (wakisahau kutoboa, choo chako kitakurudishia salamu).

Bomba limechoka zaidi ya hapo? Kuna kichwa cha chuma kinavutwa ndani, kinalipasua la zamani huku kinaburuta jipya nyuma yake.

Haya, nakubali kwa shingo upande, bomba lililoporomoka kabisa soksi haipiti, na vishimo viwili vitatu utachimba tu. Na wale wanaochoronga chini kwa chini bila kujua kuna nini huko wameshawahi kupitisha bomba la gesi katikati ya bomba la maji taka, fundi akija kuzibua na mashine yake… sitaki hata kumalizia.

Lakini kinachoniuma ni hesabu. Wanakwambia kuchimba ni rahisi. Rahisi kwa nani? Kwenye tenda wameandika katapila, bomba na vibarua, basi. Foleni haimo, duka lililozibwa na kifusi halimo, kiraka kitakachotitia mvua ya kwanza hakimo, na kurudi kukiziba tena ni tenda nyingine hiyo. Kwa hesabu hizo hata mimi ningekuwa rahisi.

Jana nikashuka nikamuuliza fundi, mmepitisha kamera ndani mkaona linavuja wapi? Akacheka, "Tutapaona tukifika."

Leo wako mita ya thelathini. Bado hawajapaona.